Boti Yenye Paa la Msauzi

Rangi ya kucha. Ndiyo kitu cha kwanza Mwaisha alichokiona asubuhi ile alipoingia kwenye boti kukomba maji ya mvua. Ilikuwa nyekundu, imekwaruzika kidogo tu kwenye kishikio cha kamba ya kuwashia mashine, kama alama anayoacha mtu aliyevuta kwa nguvu na kucha zake ndefu. Mtu mwingine asingeiona. Mwaisha aliiona kwa sababu kishikio kile alikuwa akikifuta kila siku kwa kitambaa chenye mafuta, na katika muda wote huo hakuwahi kuruhusiwa kukivuta.

Akachutama, kopo lake mkononi, akakitazama. Pale bwawani palikuwa na mwanamke mmoja tu mwenye kucha za namna ile. Huyo alikuwa Nasra, mtoto wa mjomba wake.

Boti ilikuwa ya Mjomba Pazi, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha mwenye karakana yake Kihonda. Mjomba hakuwahi kukaa pwani hata wiki moja. Alimkuta mtu Dar es Salaam anauza boti chakavu ya faiba, akaipenda kama mtu anavyopenda mbuzi mnadani, ikapandishwa Morogoro juu ya lori la Fuso, na watu wa njiani wakawa wanamuuliza dereva kama bahari imehama. Aliishusha kwenye bwawa la zamani la shamba la mkonge, upande wa barabara ya Mzumbe. Shamba lenyewe lilishakufa, ila bwawa lilibaki, na watu wa mjini walikuwa wanakuja siku za mapumziko kula samaki wa kukaanga na kupiga picha, Milima ya Uluguru ikiwa nyuma yao. Mjomba alitaka awatembeze juu ya maji.

Aliyeifufua boti ile pamoja naye alikuwa Mwaisha, mtoto wa dada yake, aliyeshuka kutoka mlimani kuja kuishi kwake. Msichana mwenyewe ni yule ambaye ukimsalimia anaitikia akiangalia miguu yako. Lakini kazi hakuiogopa. Aliisugua boti kwa msasa mpaka vumbi la faiba likamwingia kwenye ngozi, akawa anajikuna usingizini. Walibandika kitambaa cha faiba kwa gundi kwenye ufa wa chini, kikabanduka, wakabandika tena. Tundu la kutolea maji lilikuwa halina kizibo, na mjomba alizunguka maduka ya vipuri mji mzima akitafuta bolti ya kuenea pale. Mwaisha akachukua gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu, akalizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akalipigilia. Hivyo ndivyo bibi yake anavyoziba dumu la togwa. Lilishika. Mjomba alicheka siku ile, akasema anayetaka bolti akanunue meli.

Baada ya hapo Mwaisha alitegemea kwamba atafundishwa mashine. Hakuomba. Alisimama tu karibu mjomba anapowasha, akawa anaangalia mkono wake. Mjomba alimwona, kwa sababu kila mara alimjibu swali ambalo hakuuliza.

"Haraka ya nini, mpwa? Mimi nikifa hii yote si yako?"

Alisema kweli, kwa namna yake. Kwa Waluguru wa zamani mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo mali ya mtu inafuata kwa watoto wa dada yake, si kwa watoto wake wa kuzaa. Siku hizi mjini wengi wameachana na mambo hayo. Msikitini wana mgawo wao na mahakamani wana wao. Lakini Mjomba Pazi alishikilia ya mlimani, na alipenda kuyasema mbele za watu. Mwaisha alikuwa mrithi. Na mrithi kazi yake ilikuwa kukomba maji.

Sasa pale kwenye kishikio kulikuwa na rangi nyekundu, na kwa mara ya kwanza Mwaisha hakukifuta.

Nasra mwenyewe alifika jua likiwa limepanda, amevaa miwani na dera jepesi. Alikuwa anafanya kazi saluni mjini, na kwa siku nyingi alikuwa akiishi na mama yake aliyeachana na Mjomba Pazi zamani. Alikuja bwawani anapojisikia, na alipokuja ilikuwa kama redio imewashwa.

"Mrithi, umeamkaje?" aliita kutoka ukingoni. "Umeshapima kaburi la baba yangu, au bado unatafuta kamba?"

Mama Shukuru, anayekaanga samaki chini ya turubai pale ukingoni, alicheka mpaka akaweka chini kijiko chake. Watoto wa shangazi na wa mjomba ni watani, na utani wa namna hiyo haukatazwi. Kilichotakiwa ni Mwaisha ajibu. Majibu alikuwa nayo, tena makali, lakini yalikuwa yanamjia akiwa ameshalala. Pale alipokuwa alisema tu kwamba ameamka salama. Halafu, kwa sababu rangi ile ilikuwa bado mbele ya macho yake, akaongeza:

"Kucha zako zimeacha rangi kwenye kishikio."

Nasra akazitazama kucha zake moja moja. "Basi kimependeza," akasema.

Akasimulia mwenyewe bila kuulizwa. Jana jioni, Mwaisha alipokuwa ametumwa sokoni, baba yake alimfundisha mashine. Kamba ilimkatalia mpaka bega likamuuma, halafu mashine ikashika ghafla, na yeye akaipeleka boti moja kwa moja kwenye turubai la Mama Shukuru. Karai la mafuta liliponea chupuchupu. Baba yake alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya msikitini.

Mama Shukuru akathibitisha kuwa ni kweli, alikaa chini.

Mwaisha aligeuka akaendelea kukomba maji. Haikumuuma sana kwamba Nasra amefundishwa. Kilichomuuma ni kile kicheko. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho mjomba kucheka vile akiwa naye, akafika kwenye gunzi la mahindi, na gunzi la mahindi lilikuwa limeshapitiwa na misimu miwili ya mvua.

Wiki hiyohiyo Nasra akaleta wazo la paa. Alikuwa na wateja wengi wa kuremba mabibi harusi, na wote walikuwa wanatafuta mahali papya pa kupigia picha. Lakini bi harusi aliyekwishapakwa poda hawezi kukaa juani. Boti ikipata paa zuri, alisema, ataijaza kila Jumamosi.

Mjomba Pazi hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikuwa amechoka kuwa mgeni kwenye jambo lake mwenyewe, na sasa limekuja jambo la kuchomelea. Alichukua mabomba ya pembe nne, yaleyale anayotengenezea mageti ya wenye magari makubwa, akayasimamisha nguzo kwenye kingo za boti. Kati ya nguzo na nguzo akaweka maua ya chuma, yale yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, ambayo wateja wake wa Kihonda wanayapenda. Juu akapiga bati la msauzi, lile la kuezekea nyumba za kisasa, rangi ya bluu. Alipomaliza, boti ilikuwa kama kibaraza cha nyumba ya mtu mwenye uwezo kilichopotea njia kikaingia majini. Watu walisimamisha bodaboda barabarani kuitazama.

"Nasra ana akili," mjomba alimwambia kila aliyesimama. "Mwanangu huyu ana akili."

Mwaisha alikuwa amemshikia kila bomba akichomelea, uso ameugeuza pembeni asiumizwe macho na moto. Hakuna aliyeuliza nani alishika mabomba.

Akaamua na yeye atatengeneza kitu. Kama Nasra ana paa, yeye atakuwa na benchi. Alimwendea Ernest, fundi seremala anayesali kanisa la karibu na karakana, akamwomba mabaki ya mbao. Ernest akampa za mkaratusi, nzito, zilizomshinda mteja mmoja kulipia. Mwaisha alizipiga msumari mwenyewe ubavuni mwa boti, upande wa kushoto kuanzia mbele mpaka katikati, kwa sababu kulia kulikuwa na tangi la petroli. Akaliziba benchi likawa kama sanduku, akaliwekea mfuniko wenye bawaba, akashona mito ya kitambaa cha kitenge. Ndani ya sanduku akapanga maboya ya kuvaa, yale ya rangi ya machungwa, ambayo mpaka siku hiyo yalikuwa yakitupwa tu sakafuni, na marafiki wa Nasra walikuwa wakiyakalia na kuyapaka mafuta ya samaki.

Mwisho akaweka kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi, ndani ya gauni.

Lile kufuli lilimpa furaha ambayo hakuitegemea. Ikawa sasa Nasra akitaka boya lazima amwombe. Aliomba mara moja, kwa kumtania kwamba mrithi ameshaanza kujifungia mali kabla ya msiba, na Mwaisha akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuutafuta ule uzi shingoni.

Mjomba alilipiga benchi kiganja, akasema ni imara. Basi. Akaenda kumwonyesha mtu maua ya chuma.

Mama Shukuru ndiye peke yake aliyesema kitu kuhusu boti yenyewe. Alisema siku hizi inatembea kama mwanamke aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Ikilala upande, inakaa kwanza inafikiri, ndiyo inarudi. Mjomba akamwambia aendelee na samaki, chuma ni chuma, geti lake moja liligongwa na lori na lori ndilo lililopelekwa gereji. Nasra akacheka. Mwaisha naye akacheka, kwa kuwa kama paa lina kosa basi na benchi litaulizwa.

Bi harusi wa kwanza aliitwa Rahel, mteja wa Nasra. Picha zilipangwa kuwa alasiri baada ya kanisani. Siku hiyo Nasra alikuwa na kazi ya kumremba huko mjini tangu alfajiri, na Mwaisha, akihesabu hivyo, alijiambia kwamba lazima mjomba atamwita yeye kwenye mashine. Hakuna mwingine. Alioga mapema, akavaa gauni jipya la maua, akakifuta kishikio mpaka kikang'aa. Mkono wake ulikuwa unajua kila kitu kwa kuangalia: kusukuma kile kidude cha hewa, kuvuta taratibu mpaka kamba iwe nzito, ndipo kuvuta kwa nguvu.

Gari la bi harusi likaja, na Nasra akashuka wa kwanza, amevaa sare ya wapambe.

"Nasra atashika mashine," mjomba akasema, hata bila kufikiri. "Mpwa, wewe kaa mbele na kopo lako. Mimi nabaki nchi kavu, nisiwazidishie uzito."

Mwaisha akaenda mbele, akakaa juu ya benchi lake. Alifungua sanduku, akatoa maboya, akawapa wageni kama mjomba alivyowafundisha wote. Bi harusi akaangalia boya lile, akaangalia gauni lake. Wapambe wakacheka. Mpiga picha, kijana aitwaye Geofrey, akasema rangi hiyo itaharibu kila kitu, afadhali wapige kwanza halafu wavae. Nasra akasema sawa, bwawa hili si bahari, warudishe.

Kama mwingine angesema, pengine Mwaisha angebisha kidogo. Lakini amesema Nasra, na amesema kutoka kwenye mashine. Akayakusanya maboya moja moja, akayaweka ndani, akafunga kufuli. Alilifunga kwa kishindo. Kama hamtaki changu, alijisemea moyoni, basi.

Nasra aliwasha kwa mvuto wa kwanza. Lazima isemwe kwamba aliendesha vizuri. Boti ilitoka polepole, bati la msauzi linang'aa, muziki wa simu unalia, na kule ukingoni Mjomba Pazi anapunga mikono yote miwili. Mwaisha alimwona anavyopunga na akajua ni nani anayepungiwa.

Walipofika katikati Geofrey akaangalia nyuma yake, akaangalia milima. Wingu lilikuwa limekaa juu kabisa na chini yake mlima wote uko wazi, kijani. Akasema hiyo ndiyo picha. Akawaomba wote wahamie upande wa kushoto, bi harusi akae kwenye benchi, wapambe wasimame nyuma yake wakishika yale maua ya chuma, naye atapiga akiwa kona ya mbele. Wakahama wote, wakicheka, wakikanyagana viatu. Boti ikalala. Ikakaa inafikiri.

Wakati huohuo upepo ule wa alasiri, unaopanda kuelekea mlimani karibu kila siku kipindi kile, ukafika bwawani. Si upepo mkubwa. Unapeperusha kanga kwenye kamba, basi. Lakini ulikuta bati pana limeinuliwa upande mmoja kama mlango ulioachwa wazi, ukaliegemea.

Boti haikurudi. Wala haikupinduka ghafla. Ililala chini taratibu, kwa adabu, na kila mtu akapata muda wa kuelewa kinachotokea na hakuna aliyepata muda wa kufanya kitu. Halafu maji yakaingia juu ya benchi, na paa likagonga maji kwa sauti ya sufuria kubwa iliyoanguka.

Mwaisha alizama, akaibuka, akajishika kwenye ubao wa benchi lake mwenyewe. Alikulia kando ya mto, kuelea alijua. Boti ilikuwa imelala ubavu, nusu yake nje. Wageni walikuwa wamening'inia kwenye nguzo za mjomba na kwenye maua, wakilia, na gauni la bi harusi lilikuwa limejaa hewa likamzunguka kama puto. Mabomba yalikuwa yanaivuta boti chini taratibu. Na maboya yote yalikuwa ndani ya sanduku lililofungwa, na sanduku lilikuwa chini ya maji.

Akautafuta uzi shingoni. Haukuonekana. Ulikuwa umezunguka mgongoni. Akauvuta mpaka ukamkata ngozi, akapata ufunguo, akaingiza kichwa chini ya maji, akapapasa. Kufuli alilijua kama anavyojua meno yake, lakini kwenye maji yale ya tope ufunguo ukawa unakwepa tundu. Akatoka kuvuta pumzi. Akarudi. Likafunguka.

Hakuhitaji kuinua mfuniko. Maboya yenyewe yaliusukuma, yakaruka juu moja baada ya jingine kama kuku waliofunguliwa banda.

Akaanza kurusha. La kwanza kwa bi harusi. Lingine kwa mpambe mnene aliyekuwa anakunywa maji. Lingine kwa Geofrey, aliyekuwa ameinua kamera juu kwa mkono mmoja na kukataa kuiachia. Akarusha kwa wageni wote. Nasra alikuwa karibu yake kuliko wote, ameshika ukingo wa bati kwa mkono mmoja, na bati lile lilikuwa limemchana mkono wa pili kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Nasra hajui kuogelea. Alikuwa anamwangalia Mwaisha, haiti, haombi, anamwangalia tu kila boya linavyompita juu ya kichwa.

La mwisho likawa lake.

Watu wa mitumbwi wanaotega samaki upande wa matete walifika haraka, na Mjomba Pazi akiwa na mmoja wao, shati limemvuka. Hakuna aliyekufa. Walitolewa wote, wakakalishwa kando ya moto wa Mama Shukuru, wakapewa kanga zake na mifuko ya unga wajifunike. Gauni la harusi lilikuwa na rangi ya bwawa. Nasra alipelekwa hospitali, akashonwa. Mjomba alikwenda mwenyewe na wazee wenzake kuomba radhi kwa ndugu wa bi harusi, akakaa chini mkekani mbele yao kama aliyefiwa, na wakayamaliza.

Nasra aliletwa kupona nyumbani kwa baba yake, kwa sababu mama yake alikuwa safarini. Mwaisha ndiye aliyemwogesha na kumsuka. Siku ya kwanza alimwosha tu tope la bwawa kichwani. Siku iliyofuata, Mwaisha akiwa nyuma yake anachambua nywele kwa kitana, Nasra akasema:

"Mwaisha."

Hakumwita mrithi. Mwaisha akasimamisha kitana.

"Mimi nilikuwa karibu yako kuliko wote."

"Ndiyo."

"Ukanirushia wa mwisho."

Mwaisha aliutazama ukindu wa mkeka. Alijua kuna mambo ya kusingizia: bi harusi ni mgeni, mpambe alikuwa anazama, ilikuwa vurugu. "Ndiyo," akasema.

Nasra akacheka puani. "Afadhali umekubali. Ungekataa ningekung'ata." Akainua mkono wake wenye bandeji, akauangalia. "Sasa na mimi nikwambie. Unajua kwa nini nilimng'ang'ania baba na ile mashine? Siku akifa watakuja watu wenu kutoka mlimani, watakaa hapa barazani, watakukabidhi wewe, na mimi nitaletewa chai kama mgeni aliyepita. Kwa baba yangu mwenyewe. Nikasema, acha nijue hata kuliwasha hilo dude. Hicho hawataweza kunidai nirudishe."

Akaongeza kwamba baba yake anajua hivyo. Ndiyo maana alimfundisha. Alimwambia siku ileile ya turubai: wewe nakupa mapema, maana mwenzako atapata baadaye.

Mwaisha akaendelea kusuka, vidole vyake vikienda vyenyewe. Siku zote hizo alidhani wivu unatoka kwake tu kwenda kwa Nasra. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kumwonea wivu yeye, na kopo lake. Lakini kujua hivyo hakukumponya. Aliona tu vizuri zaidi kile anachokitaka. Nasra alikuwa amepewa mapema, na mapema ndiyo yenye mtu ndani yake, anayecheka, anayekaa kwenye matope. Baadaye ina boti tu.

Mwishoni mwa juma walikwenda bwawani wote watatu. Boti ilikuwa imevutwa nchi kavu. Mjomba Pazi alikuwa amekodi jenereta, anakata mabomba kwa grenda, cheche zinamrukia miguuni. Maua ya chuma yalikuwa yamerundikwa pembeni. Benchi la mkaratusi alikuwa ameshaling'oa, hakusema neno kuhusu kufuli, ingawa Mwaisha alisubiri aseme. Alikuwa amezeeka kidogo. Nasra alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono kifuani.

Alipokata nguzo ya mwisho mjomba alizima grenda, akajifuta uso kwa shati. Akasema ameamua. Nasra hatagusa tena mashine ile, yeye baba amemuumiza mtoto wake kwa chuma chake mwenyewe, inatosha. Wala Mwaisha hataigusa. Boti itapandishwa kwenye Fuso, itawekwa karakana Kihonda chini ya turubai.

"Itakusubiri, mpwa," akasema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kitu kizuri. "Iko palepale. Siku nikizikwa watakukabidhi, ufanye unavyotaka. Hapo umeridhika?"

Alikuwa ameshainama kulichukua grenda. Mama Shukuru alikuwa anageuza samaki. Nasra alimwangalia Mwaisha, akasogeza kando ndoo aliyoikalia, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Mwaisha alitazama miguu ya mjomba wake, cheche zilivyotoboa soksi. Halafu akainua macho, akamwangalia usoni.

"Sijaridhika, mjomba. Kila siku unaniambia nitapata ukifa. Mimi sitaki ufe. Nataka unifundishe sasa, kama ulivyomfundisha Nasra, nikosee, nigonge, na wewe uwepo unicheke."